Maneno ya Watu Wazima Hadharani: Nyimbo za Usukuma na Wajibu wa Kanisa

Mchungaji anayetumika Buswelu, katika Wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, hukutana na mashairi ambayo katekisimu haikumwandaa kuyapokea: nyimbo zinazotaja mapenzi, uzazi na mwili wa mwanadamu bila kificho, tena mbele ya watu. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba wazee wetu hawakuishia kuuliza iwapo maneno hayo ni mabaya. Waliuliza nani ayaseme, lini, na mbele ya nani.

Mfano wa kwanza ni sherehe za mabasa, yaani pacha. Mwaka 1944 Hans Cory, mtafiti wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alichapisha maelezo ya sherehe hizo za Wasukuma. Kuzaliwa kwa pacha kulihesabiwa kuwa jambo zito lililodai utakaso, na katika utakaso huo ziliimbwa nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingekuwa aibu kuu. Ibada ndiyo iliyotoa ruhusa, na ibada ilipokwisha ruhusa nayo ilikoma.

Mfano wa pili ni mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyoanza karne ya 19 kutokana na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi. Utaratibu huu humsukuma mtunzi kutafuta neno kali, kwa kuwa ndilo liletalo watu. Uwanja hauna mlango. Mtoto husimama kando ya bibi yake. Kinga iliyobaki ni fumbo, ambalo mkubwa hulielewa na mdogo hulipita.

Wamisionari wengi waliona ngoma hizi kuwa upagani mtupu, wakawakataza waumini wao. Lakini Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika aliziingiza ngoma hizo katika sikukuu ya Ekaristi, nayo ikajulikana kama Bulabo. Upande wetu wa Kilutheri, Bruno Gutmann wa Moshi aliandika kwa wazee wa Kichagga mafundisho ya jando na kuyachapisha katika majuzuu matatu kati ya 1932 na 1938. Humo mambo ya ndoa na uzazi yalifundishwa kwa utaratibu, kila rika kwa wakati wake. Gutmann alitambua kwamba ukiivunja shule hiyo bila kujenga nyingine, kijana atafundishwa na njia.

Wala tusidhani kwamba swali hili ni la Afrika peke yake. Wimbo Ulio Bora umo katika Biblia yetu. Origen aeleza kwamba Wayahudi hawakuwapa kitabu hicho wasiofikia utu uzima. Rabi Akiva, aliyekitukuza kuliko wengine, aliwalaani waliokiimba karamuni kama wimbo wa kawaida. Akiva hakukikataa kitabu, alikikatalia mahali. Hata Martin Luther, alipokifundisha mwaka 1530 na 1531, aliyageuza mapenzi yale kuwa shukrani ya Sulemani kwa ajili ya utawala wa amani. Hivyo nasi tumerithi kanisa linalokisoma kitabu hicho na kuona haya kukihubiri.

Leo vipaza sauti na simu vimeondoa mipaka iliyokuwapo. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya wakubwa humfikia mtoto wa shule kabla ya jua kutua, bila ibada, bila rika na bila mzee wa kuueleza. Kanisa likikataza tu, litakuwa limefunga mlango wa nyumba isiyo na kuta. Yatupasa kujenga kuta upya: mafundisho ya Kipaimara yasikwepe habari za mwili, wazee wa usharika, wanawake kwa wanaume, wawafundishe wachumba waziwazi, nao watunzi wetu wasifukuzwe, bali waulizwe kwa upole lile swali la kale la nani, lini na mbele ya nani. Kanisa lisipouliza, uwanja utajibu, na jibu la uwanja ni wingi wa watu.