Sensa iliyowatia watu wazimu

Ukisikia kwamba Wamarekani weusi wengi husita kwenda kwa daktari wa afya ya akili, jibu la haraka huwa ni "wanaona aibu". Aibu ipo, sikatai. Ila hebu nikurudishe kwanza mwaka 1840.

Mwaka huo sensa ya Marekani ilihesabu kwa mara ya kwanza watu wenye matatizo ya akili. Matokeo yakaonyesha kwamba weusi waliokuwa huru kaskazini waliugua mara kumi hivi kuliko weusi wa kusini, ambako wengi walikuwa watumwa. Katika jimbo la Maine, eti mtu mweusi 1 kati ya 14! Watetezi wa utumwa wakashangilia. Mwaka 1844 waziri wa mambo ya nje, John C. Calhoun, akawaandikia Waingereza kwamba uhuru ndio unaomharibu mtu mweusi akili.

Edward Jarvis, daktari mzaliwa wa Massachusetts, mwanzoni naye aliziamini takwimu hizo, tena akaziandikia makala. Halafu akafanya kazi ambayo sisi watafiti wachanga huwa tunaikwepa kwa sababu inachosha: akarudi kwenye majedwali, mji kwa mji. Akakuta miji yenye "wagonjwa weusi" ambayo haikuwa na mkazi mweusi hata mmoja. Kule Worcester, wagonjwa 133 walioandikwa kuwa weusi walikuwa weupe wa hospitali ya jimbo. James McCune Smith, daktari mweusi wa New York aliyelazimika kwenda kusomea Glasgow kwa sababu vyuo vya kwao vilimkataa, naye akazipinga hadharani. Bunge likaombwa lisahihishe. Halikusahihisha.

Mwaka 1851 daktari wa kusini, Samuel Cartwright, akabuni hata ugonjwa wa mtumwa kutoroka, akauita drapetomania. Miongoni mwa tiba zake: viboko.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya kitukuu wa watu hao. Ukisema "akili yangu inaumwa", unaona kama unawathibitishia waliosema hivyo zamani. Basi unanyamaza, na mgonjwa anafichwa nyumbani.

Ukimya huo ndio aliouvunja mwandishi Bebe Moore Campbell, aliyesaidia kuanzisha tawi la asasi ya NAMI kwa ajili ya familia za weusi Los Angeles. Riwaya yake ya mwaka 2005, 72 Hour Hold, inamhusu mama anayehangaika kumtibu binti yake. Alifariki 2006. Miaka miwili baadaye Baraza la Wawakilishi likaupa mwezi Julai jina lake, uwe wa afya ya akili kwa jamii za wachache.