Majalada ya Bogoro: Mpangilio na Ushirikiano wa Hati katika Kesi za Ituri

Jalada si chombo cha kuhifadhia karatasi tu. Anayelipanga huamua lipi lisomwe chini ya kichwa gani, na anayeshika ufunguo wake huamua nani asome. Ukweli huo ulidhihirika pale ushahidi wa vita vya Ituri ulipoingizwa katika kompyuta za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mjini The Hague.

Bogoro ni kijiji cha wilaya ya Irumu, katika barabara itokayo Bunia kwenda Kasenyi, ufukoni mwa Ziwa Albert. Kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003, na kwa shambulio hilo wakashtakiwa Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo Chui. Hati za kesi yao hazikupitishwa mkono kwa mkono. Kila moja ilipewa namba ya pekee iliyoanza na herufi DRC, zikafuatwa na alama ya upande ulioileta: OTP kwa mwendesha mashtaka, D02 kwa mawakili wa Katanga, D03 kwa wale wa Ngudjolo. Hivyo watu waliokaa mbalimbali waliweza kufungua ukurasa uleule, kila mmoja kwa kadiri ya ruhusa aliyopewa.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyokuwa imekwamisha kesi iliyotangulia ya Ituri, ile ya Thomas Lubanga, aliyeshtakiwa kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mwendesha mashtaka alikuwa na hati zaidi ya 200, nyingi zikiwa za Umoja wa Mataifa, alizozipokea kwa masharti ya siri. Baadhi yake zingeweza kumsaidia mshtakiwa, lakini hazikuonyeshwa kwa mawakili wake wala kwa majaji. Tarehe 13 Juni 2008 majaji walisimamisha kesi, kwa hoja kwamba hukumu ya haki haiwezekani pale ambapo upande mmoja pekee ndio unaojua kilichomo jaladani. Kizuizi hicho kiliondolewa tarehe 18 Novemba 2008, baada ya majaji kuruhusiwa kuziona hati hizo.

Katika kesi ya Bogoro majaji walikwenda mbele zaidi, wakagusa mpangilio wenyewe. Amri yao ya tarehe 13 Machi 2009 ilimtaka mwendesha mashtaka aandae jedwali: kila kosa ligawanywe katika vipengele vyake, kila kipengele kifuatwe na madai ya matukio, na kila dai lionyeshe hati na kifungu kinacholithibitisha. Lengo lilikuwa kwamba mshtakiwa asizame katika bahari ya karatasi, bali ajue ni neno gani linatumiwa dhidi yake na kwa sababu gani.

Hata hivyo, mpangilio haukufunga mjadala. Tarehe 21 Novemba 2012, baada ya ushahidi kumalizika, majaji wawili kati ya watatu waliamua kwamba wajibu wa Katanga ungeweza kutazamwa chini ya kifungu kingine cha sheria. Jaji wa tatu, Christine Van den Wyngaert, alipinga. Hati zilikuwa zilezile, lakini kichwa cha kuzisomea kilibadilika. Ngudjolo alionekana hana hatia tarehe 18 Desemba 2012. Katanga alitiwa hatiani tarehe 7 Machi 2014, kwa kusaidia makosa hayo, akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Kwa wanazuoni wa Kiswahili limebaki suala moja zito. Mashahidi wengi wa Ituri walisema kwa Kiswahili cha Kongo, ilhali kumbukumbu za maandishi za vikao ziliandaliwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Maneno yao ya asili yamo katika sauti zilizorekodiwa, si katika kurasa zinazosomwa. Mtafiti atakayetegemea kurasa hizo pekee atayasoma maneno ya mkalimani, akidhani kuwa ndiyo ya shahidi. Jalada lililopangwa vizuri na kugawiwa kwa haki bado laweza kumnyima msomaji lugha ya wale walioteseka. Na pasipo lugha hiyo, historia ya Bogoro haijakamilika.