Mafunzo ya wakutubi kutafuta hataza

Mafunzo ya wakutubi kutafuta hataza ni mafunzo yanayomwezesha mkutubi kumsaidia mvumbuzi kujua kama wazo lake ni jipya. Hataza humpa mvumbuzi haki ya pekee kwa hadi miaka 20, naye kwa upande wake huueleza uvumbuzi wake hadharani.

Nchini Kenya, hataza husimamiwa na Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI), iliyoundwa chini ya sheria ya 2001. Shirika la Mali ya Ubunifu Duniani (WIPO) lilianzisha mwaka 2009 mpango wa vituo vya kusaidia teknolojia na ubunifu, ambao hufundisha watumishi wa vituo hivyo, wakiwemo wakutubi wa vyuo vikuu.

Mkutubi hujifunza kutumia hazina za bure za hataza kama PATENTSCOPE na Espacenet. Maneno pekee hayatoshi, kwa kuwa jiko laweza kuitwa “kifaa cha kuunguzia kuni”. Hivyo hutumia Uainishaji wa Kimataifa wa Hataza, wenye sehemu 8, A hadi H. Majiko ya nyumbani ya kuni na makaa yamo katika kundi la F24B. Husoma pia madai ya hataza, yanayoweka mipaka ya ulinzi.

Ujuzi huu una thamani kubwa Eastlands, Nairobi, ambako mitaa kama Mbotela ni jirani na mafundi wa jua kali, na matawi ya Maktaba ya McMillan yako Makadara na Kaloleni. Hataza isiyo na nguvu ya kisheria Kenya, au iliyokwisha muda, haimfungi fundi wa hapa: aweza kujifunza kwayo na kutengeneza.