Nyumba Kwanza, Ramani Baadaye

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia kwenye kilima cha Mlimani mwaka 1964, watu wa mjini walikiona kimepelekwa porini. Njiani kulikuwa na minazi na mikorosho. Leo Mlimani ni katikati ya mji. Anayetoka Kivukoni akashika Barabara ya Morogoro hupita Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibamba, akaingia Kibaha, mkoa mwingine kabisa, na bado hajaona pa kusema hapa ndipo mji ulipokwisha.

Tumezoea kulieleza jambo hili kwa idadi ya watu. Ni kweli waliongezeka: sensa ya 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu kama 270,000, ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Nchi nzima, wakati ule kati ya watu 100 walioishi mijini ni kama sita tu. Sasa wanakaribia 35. Lakini hao milioni tano wangeweza kukaa kwenye eneo dogo zaidi kuliko wanalokaa. Kilichoitandaza miji ya Tanzania ni namna yetu ya kujenga: nyumba ya chini, ya mtu mwenyewe, kwa pesa ya mfukoni, chumba baada ya chumba, serikali ikija nyuma na ramani yake.

Miji ya kale ya pwani haikuwa na tabia hiyo. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Mji Mkongwe wa Unguja ulizungukwa na maji karibu pande zote, kwa hiyo wenye uwezo walipanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, na wasio na mawe wakaenda Ng'ambo na udongo na makuti yao. Mpaka wa mali na mpaka wa ujenzi ulikuwa mmoja.

Dar es Salaam ni kijana kwa miji hiyo. Seyyid Majid alianza kuijenga miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870, na mji ukabaki nusu magofu mpaka Wajerumani walipohamishia makao yao huko kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, na kufika Kigoma mwaka 1914, ilizaa au kukuza Morogoro, Dodoma na Tabora. Wajerumani ndio walioanza kugawa mji kwa aina ya jengo. Waingereza wakakamilisha kwa kanda tatu: Wazungu na bustani zao upande wa bahari hadi Oysterbay, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na kiwanja cha wazi cha Mnazi Mmoja kikiwatenga. Kwa macho ya mkoloni Mwafrika mjini alikuwa mpita njia: atafanya kazi, atarudi kwao.

Mpita njia huyo alijenga. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Mitaa ilikuwa imenyooka kwa sababu ilichorwa kwanza, na kwa kuwa viwanja vilipimwa, leo vimeweza kubeba ghorofa kumi na zaidi pale palipokuwa na bati na makuti. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mji ulikua kwenda juu. Kwingine ulikua kwenda pembeni.

Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kuwahi. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa vibanda vya udongo Magomeni na kwingineko na kujenga nyumba za matofali ya saruji. Kazi ilikuwa nzuri lakini haikuongeza sana idadi ya nyumba, kwa kuwa moja ilibomolewa ili nyingine isimame. Mpango mkuu wa jiji wa 1968, baada ya ule wa 1949, ulifuatwa na mwingine wa 1979. Katika miaka ya 1970 ukaja mradi wa Viwanja na Huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza na Kijitonyama zikapimwa, Manzese ikaboreshwa. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Vingi viliishia mikononi mwa waliokuwa nacho.

Kwa maoni yangu, lililoathiri sura ya miji kuliko mipango hiyo yote ni mambo mawili ambayo hayakuwa ya mipango miji. La kwanza ni sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mwenye pesa alijifunza kutojenga jengo kubwa la wapangaji. La pili ni shilingi kupoteza thamani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Pesa ikiwekwa benki ililiwa. Ikigeuzwa tofali ilibaki. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilikuwa kimeanza mwaka 1966, cha Tanga kikafuata mwaka 1980 na cha Mbeya mwaka 1983, lakini kwa muda mrefu saruji ilikuwa bidhaa ya kibali. Biashara ilipofunguliwa baada ya 1985, mfuko wa saruji ukaanza kupatikana dukani, na mfanyakazi wa mshahara mdogo akaanza kujenga msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, lenta akipata mchezo wake wa kupeana. Ndiyo maana pembezoni mwa kila mji wetu kuna mapagale yaliyoota majani ndani, na mwenyewe yupo, anadunduliza.

Ardhi yenyewe ilipatikana kwa njia ambayo kila mtu anaijua. Dalali anakupeleka Goba au Chanika Jumamosi. Mwenye shamba anahesabu miembe na minazi ili aiingize kwenye bei, kisha anakatia hatua 20 kwa 20, na mpaka unapandwa minyaa. Karatasi ya mauziano inaandikwa kwa mkono, mjumbe na mashahidi wanasaini, ofisi ya serikali ya mtaa inagonga muhuri na kuchukua asilimia yake. Si hati, ila inaheshimiwa kuliko unavyodhani. Tatizo ni njia: muuzaji anaacha uchochoro wa kupita mtu na baiskeli, maana kila hatua anayoiacha ni pesa anayoipoteza. Miaka kumi baadaye gari la kunyonya maji taka haliingii, la zimamoto haliingii. Majirani wanachangishana kwa ajili ya urasimishaji, mpima anakuja, na barabara ya kwenye mchoro inapita sebuleni kwa mtu.

Walionunua bondeni waliumia zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na wakazi wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, wako waliorudi.

Dodoma ilipangwa vingine. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulipotolewa mwaka 1973, mamlaka maalumu ya ustawishaji iliundwa mwaka huohuo na kushika ardhi yote ya mji hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Mitaa yake ni mipana, na wenyeji walioondolewa mashambani kwa fidia ndogo wana lao la kusema. Mwanza, miamba imebebeshwa nyumba mpaka kileleni. Kahama, Katoro na Tunduma, zilizokuzwa na dhahabu na malori ya mpakani, ndizo zinazokua sasa kwa mtindo uleule wa Manzese.

Sensa ya 2022 ina takwimu ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu karibu milioni 1.1 mwaka 2012, ulivuka milioni mbili. Wengi wa walioongezeka ni Dar es Salaam iliyomwagikia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo. Huko ardhi nyingi ni ya vijiji, chini ya Sheria Namba 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wake. Kijiji kikitangazwa kuwa mji, ardhi hutoka kwenye sheria hiyo, lakini mara nyingi tangazo linakuta viwanja vimeshakatwa, vimeuzwa, na baadhi vimeuzwa mara ya pili.