Hadithi Isiyo na Alfajiri

Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi anaokoa roho yake kwa kukatiza hadithi mahali patamu. Ila tunasahau kitu kimoja: kinachomkatiza ni alfajiri. Kukicha, mfalme anakwenda barazani kuhukumu watu, na utamu unangoja usiku mwingine.

Kwa miaka mingi kila hadithi ya mfululizo ilikuwa na alfajiri yake. Mwaka 1836 Charles Dickens alianza kuchapisha The Pickwick Papers kwa vipande, kimoja kwa mwezi, ukimaliza, subiri. Kwetu Tanzania, mchezo wa redio Twende na Wakati ulipoanza mwaka 1993, ulikuwa na siku zake na saa yake. Muda ukiisha umeisha, watu wanabaki kubishana nani kakosea. Hata wanachuo walipokuwa wakigawiana Prison Break kwenye flashi, kikomo kilikuwepo: sizoni ikiisha unangoja mwenzako apate nyingine, na umeme ukikatika unalala.

Kikomo hicho hakikufa chenyewe, kiliondolewa. Netflix ilianza kuonyesha video mtandaoni mwaka 2007. Mwaka 2012 ikaweka utaratibu wa sehemu inayofuata kuanza yenyewe, na Februari 2013 ikatoa sehemu zote 13 za House of Cards kwa mkupuo. Januari 2016 ikafungua milango katika nchi zaidi ya 130, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mwaka uliofuata bosi wake, Reed Hastings, alisema bila kificho kwamba wanashindana na usingizi.

Huku kwetu kukawa na bando la usiku, data ya bei poa kwa saa zile ambazo mtu angekuwa amelala. Kwa mwanachuo ambaye boom limeshaisha, bei hiyo ndiyo inayompangia ratiba. Anaanza saa sita usiku, "moja tu, halafu nalala." Adhana inamkuta yuko sehemu ya sita. Asubuhi darasani haelewi kitu, test inamshinda, wasiwasi unapanda, na usiku anarudi kwenye skrini kuukimbia wasiwasi uleule.

Sisi wakubwa tunaita uvivu. Lakini wapo wanaokesha kwa sababu tayari wana upweke au huzuni, na kukosa usingizi kunazidisha kile wanachokikimbia. Kumnyang'anya mtu kama huyo simu hakutoshi. Muulize kwanza analala saa ngapi, kisha muulize kinachomkosesha raha, na usikilize jibu. Likikuzidi, msindikize kwa mshauri wa wanafunzi.

Na wewe unayependa hadithi kama mimi, ingia kwenye mipangilio ya programu yako, zima ile sehemu inayofuata isianze yenyewe. Hadithi haitakimbia. Mfalme alingoja usiku elfu moja na moja, na kila asubuhi alikwenda kazini.