Novemba 11 na Novemba 25: Vita Vilivyokwisha Mara Mbili

Mwezi Novemba umetengwa na Mama Kanisa kwa ajili ya kuwaombea waamini marehemu wote. Katika maparokia yetu, kuanzia yale ya tambarare yaliyo kando ya reli hadi yale ya milimani, familia huandika majina ya wapendwa wao ili wakumbukwe katika Misa Takatifu. Majina mengi huja na tarehe ya kufariki. Mengine huja bila tarehe yoyote, na miongoni mwa hayo wapo wazee wa vizazi vilivyopita ambao ukoo unajua habari moja tu juu yao: walichukuliwa kubeba mizigo ya vita, wala hawakurudi nyumbani. Kwa ajili ya hao tumeona vema kueleza uhusiano wa tarehe mbili za mwezi huu, 11 Novemba na 25 Novemba, ambazo zote mbili hutajwa kuwa mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Tarehe ya kwanza ndiyo inayojulikana zaidi. Alfajiri ya 11 Novemba 1918, ndani ya behewa la treni katika msitu wa Compiègne nchini Ufaransa, wajumbe wa Ujerumani walitia saini makubaliano ya kusimamisha mapigano, nayo yakaanza kutumika saa tano asubuhi ya siku hiyohiyo. Ni siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Martino, Askofu wa Tours, aliyezikwa 11 Novemba mwaka 397. Huyu alikuwa askari wa jeshi la Roma. Mapokeo yanasimulia kwamba alilikata joho lake na kumpa nusu maskini aliyetetemeka kwa baridi katika lango la mji wa Amiens, na baadaye akaomba kuachiliwa jeshini. Hatusemi kwamba waliotia saini waliichagua siku hiyo kwa heshima yake; mwenendo wa vita ndio uliowafikisha hapo. Hata hivyo, si vibaya mwamini kujua kwamba bunduki za Ulaya zilinyamaza katika sikukuu ya askari aliyeweka upanga chini.

Katika Afrika Mashariki bunduki hazikunyamaza siku hiyo. Makubaliano yenyewe yalilitambua jambo hili, kwa maana kifungu cha 17 kilihusu majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa bado yakipigana huku kwetu. Kamanda wao, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Zambia, na kikosi chake kilikuwa kimeingia mji wa Kasama siku mbili tu kabla. Tarehe 12 Novemba, Ulaya ikiwa tayari katika amani, risasi zilikuwa bado zikifyatuliwa katika eneo hilo. Habari zilimfikia jenerali huyo tarehe 13 kwa njia ya ujumbe uliokamatwa kutoka kwa mpanda pikipiki wa Kiingereza, na kesho yake ofisa wa serikali ya Kiingereza, Hector Croad, akamthibitishia penye mto Chambeshi. Kisha msafara ukatembea hadi Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Huko, tarehe 25 Novemba 1918, Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168 walisalimisha silaha, pamoja na wapagazi na wanawake walioandamana nao.

Tarehe hiyo 25 ilikuwa tayari na kumbukumbu yake. Mwaka mmoja kamili kabla, 25 Novemba 1917, jeshi hilohilo lilivuka mto Ruvuma huko Ngomano na kuingia Msumbiji. Kati ya Novemba hizo mbili kuna mwaka mzima wa kutembea, na kila siku ya mwaka huo kulikuwa na mtu mwenye mzigo kichwani.

Upare unaingiaje katika habari hii? Unaingia kwa njia ya reli. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikapita chini ya milima yetu na kufika Moshi mwaka 1911. Asubuhi ya 2 Novemba 1914, yaani Siku ya Marehemu Waamini Wote, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya mji wa Tanga na kuutaka usalimu amri. Wajerumani wakaanza kusafirisha askari wao kwa treni kutoka Moshi, wakipitia Same, wapate kuuwahi mji huo. Waliuwahi, na katika mapigano ya siku zilizofuata Waingereza walishindwa vibaya. Hivyo wakati mapadre wakiadhimisha Misa ya wafu, wanaume waliokuwa karibu kufa walikuwa wakipita chini ya milima hii kwa garimoshi.

Mwaka 1916 vita vilipita hapa kwa miguu. Mnamo Machi, majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliteka Moshi na Kahe, na mvua za masika zilipopungua, mwezi Mei, yakateremka kuelekea kusini kwa makundi matatu. Moja lilifuata reli, kubwa kuliko yote likafuata mto Pangani, na la tatu likapitia Ngulu, katika nafasi iliyopo kati ya Upare wa Kaskazini na Upare wa Kusini. Wajerumani walirudi nyuma huku wakibomoa madaraja na kuharibu reli. Kufikia mwisho wa mwezi huo Waingereza walikuwa Buiko. Kwa kuwa hapakuwa na pigano kubwa Same, vitabu vya vita huitaja kwa sentensi moja na kuendelea mbele. Lakini jeshi linalopita hula, na jeshi linaloharibiwa reli huhitaji vichwa na mabega ya watu.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo lenyewe. Farasi, ng'ombe na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, magari yalizama katika matope, na kwa hiyo unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa na binadamu. Inakadiriwa kwamba pande zote zilizopigana ziliwatumia wapagazi wapatao milioni moja. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu za serikali zilionyesha wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, mara nyingine kwa sababu ya unga wasiouzoea, uliopikwa kabla haujaiva kwa uhaba wa muda na kuni. Mtu aliyezaliwa penye baridi ya milimani aliposhushwa katika mabonde ya malaria alikuwa hatarini zaidi kuliko mwenyeji wa huko.

Kumbukumbu zao ni chache. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, na kila siku maelfu hununua nyanya na vitambaa hapo bila kufikiri kwamba wanalitamka jina la kikosi cha watu waliokufa. Katika mji huohuo ipo Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja pia wapagazi. Lakini aliyesimama juu, mwenye bunduki, ni askari. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina wala kwa makaburi, kama walivyokumbukwa Wazungu.

Kwa Wapare wa wakati ule, kukosa kaburi hakukuwa jambo dogo. Katika Upare wa Kaskazini ilikuwapo misitu mitakatifu ya koo, ambamo mafuvu ya wazee yalihifadhiwa, na ukoo ulikwenda huko kuwakumbuka na kuomba. Aliyefia njiani, mbali ng'ambo ya Rufiji au Ruvuma, hakurudishwa msituni. Hatuna haja ya kurudia desturi zile ili kuelewa uchungu wa nyumba ambayo mtu wake hayupo mahali popote.

Kanisa nalo liliuona uchungu huo, ingawa kutoka mbali. Baba Mtakatifu Benedikto XV, aliyechaguliwa katika mwezi wa pili wa vita, alisihi mara kwa mara vikomeshwe. Katika barua yake ya 1 Agosti 1917 kwa wakuu wa mataifa yaliyopigana aliyaita mauaji hayo kazi isiyo na faida, wala hakusikilizwa. Kabla ya hapo, tarehe 10 Agosti 1915, alikuwa ametoa Katiba ya Kitume iitwayo Incruentum altaris, iliyomruhusu kila padre duniani kuadhimisha Misa tatu tarehe 2 Novemba. Ruhusa ya namna hiyo ilikuwapo tangu karne ya 18 kwa ajili ya Hispania na Ureno. Wingi wa waliokufa vitani ulikuwa mojawapo ya sababu za kuieneza kwa Kanisa lote. Utaratibu wake ndio tunaoufuata hadi leo. Misa moja padre aweza kuitolea nia ya mtu fulani, nyingine ni kwa ajili ya marehemu waamini wote, na nyingine ni kwa nia za Baba Mtakatifu. Waamini wengi huijua ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye bahasha na majina. Ile ya marehemu wote haiulizi jina wala tarehe.

Pengine mtu atauliza kuhusu wazee ambao hawakuwa wamebatizwa, maana mwaka 1916 Wakristo wa milima hii walikuwa bado wachache. Jibu limo katika liturujia yenyewe: Sala ya Ekaristi ya Nne huwaombea pia wafu ambao Mungu peke yake anaifahamu imani yao.

Familia inayotaka kumwombea mzee wa namna hiyo haihitaji cheti wala mwaka wa kifo. Yatosha kuandika jina lake, au jina la ukoo na neno mpagazi. Tarehe 25 Novemba, isipoangukia Dominika, ni kumbukumbu ya hiari ya Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, na nia ya Misa ya siku hiyo yaweza kuwekwa kwa ajili ya marehemu kama siku nyingine yoyote.