Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Mwenyeji ni Nani?



Wapendwa waamini, wengi wenu mmekwisha kusikia pendekezo lililoletwa na Halmashauri ya Walei: kwamba nyumba ya zamani iliyo pembeni ya kanisa letu hapa Marui, ambayo kwa miaka mingi imekuwa stoo ya mabati na viti vibovu, ikarabatiwe na kufanywa nyumba ya kulala wageni. Sababu zilizotolewa ni njema. Paa linavuja, fedha ya kuliziba hatuna, na wapitaji wanaoulizia malazi wanaongezeka. Lakini jioni ya siku ileile majirani zetu wawili, Waislamu wote, walitufuata barazani wakatuuliza kwa adabu: "Padri, tumesikia nyumba itakuwa gesti. Na sisi tulio ukutani mwake, tutaishije?"

Hatukuwa na jibu. Tukaona ni vema kwanza kutazama mahali ambapo jambo hili limefanyika kwa muda mrefu. Basi tulipanda boti pamoja na wajumbe wawili wa halmashauri, tukalala siku mbili katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ndani ya nyumba ya kale iliyogeuzwa nyumba ya wageni. Juma hili tunapenda kuwashirikisha tuliyoyaona, pamoja na historia yake, maana bila historia hiyo malalamiko ya majirani hayaeleweki.

Chumba tulichopewa kilikuwa kirefu na chembamba. Wembamba ule haukutokana na ubahili wa fundi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, yapata mita tatu. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Utajiri uliozijenga ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na, hatuna budi kulisema, biashara ya watumwa waliopitishwa katika bandari za Pwani hii yetu. Hatuzisifu nyumba hizo kana kwamba zilijengwa na watu wasio na dhambi.

Hata hivyo, waliozijenga walijua jambo moja ambalo sisi tunalisahau. Nje, kando ya mlango, waliacha baraza ya mawe, ambapo mpita njia yeyote aliweza kuketi na kuzungumza na mwenye nyumba. Sehemu ya kupokea mgeni ilikuwa karibu na mlango, na maisha ya jamaa yalikuwa ndani zaidi. Ilikuwa aibu kutazama ua wa mwenzio kutoka juu. Mahali pengine nyumba mbili ziliunganishwa kwa wikio, yaani kivuko kinachopita juu ya uchochoro, ili jamaa watembeleane bila kushuka njiani. Mgeni alipokewa kwa heshima, lakini nyumba ilijengwa ikimfikiria pia mtu wa nyumba ya pili.

Kisha nyumba hizo zilibadilika mikono na matumizi. Katika mtaa wa Hurumzi ipo nyumba iliyokuwa ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Inasimuliwa kwamba humo ndimo Waingereza walimowalipa fidia mabwana walioacha huru watumwa wao, baada ya amri ya 6 Aprili 1897 iliyouondolea utumwa nguvu ya kisheria. Wengi huliunganisha jina la mtaa huo na neno huru. Fidia walipewa mabwana. Waliotumikishwa hawakulipwa. Nyumba hiyo baadaye ikawa hoteli, na mgeni anayelala humo huenda asijue kwamba wakati mmoja swali la nani amepata hasara lilijibiwa kwa kumtazama mwenye mali peke yake.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, wenye nyumba wengi walikimbia au kufukuzwa, na nyumba zao zikachukuliwa na serikali. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba, hata jumba lililojengwa kwa jamaa mmoja likakaliwa na jamaa wengi. Kodi ilikuwa ndogo, na matengenezo yalikuwa madogo zaidi. Kufikia miaka ya 1980 kuta nyingi zilikuwa zimeanza kubomoka. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe; biashara ikafunguliwa, nyumba zikauzwa kwa watu binafsi, na watalii wakaja. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu hapo nyumba ya kale imekuwa mali ya thamani, na njia rahisi ya kuirudishia gharama ni kulaza wageni.

Tusiwe wepesi wa kulaani. Jengo lisilotunzwa huua. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Fedha ya mgeni imeyaokoa majengo mengi yasifikie hali hiyo.

Lakini upo upande wa pili. Huko Shangani lipo jengo liitwalo Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Husimuliwa kwamba mjenzi wake alichanganya mayai katika chokaa, na kwa anasa hiyo watu wakaonywa kwa jina hilo: mambo haya msiyaige. Limewahi kutumiwa na wamisionari wa Kianglikana, na ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha na ofisi za serikali. Hatimaye liliingizwa katika mradi wa hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ilihoji ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando yake, na wakazi walisikitika kwamba eneo la wazi la ufukweni, lililokuwa la kila mtu, limepungua.

Nyumba tuliyolala sisi ni ndogo mno kulinganishwa na hiyo. Siku ya pili asubuhi, baada ya chai, tulimkuta mzee mmoja ameketi kwenye baraza ya nyumba ya jirani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatusogezea nafasi. Tulipomweleza tumetoka Marui na tumekuja kwa sababu gani, alicheka kidogo, kisha akasema:

"Padri, nianze na jema. Mwenye nyumba hii kaitengeneza. Ile ya nyuma yake haikutengenezwa, na masika ukuta umekwenda chini. Lakini juu ya paa kaweka mkahawa. Ukikaa pale unaiona bahari, na unauona ua wangu. Binti zangu wanaanika nguo vichwa wazi, na watu wako juu na kamera. Usiku muziki unatupita hata baada ya Isha. Pampu yao ikianza kuvuta, bomba letu linakauka. Kodi za mtaa zimepanda, wanangu wamehamia mbali, wanakuja Ijumaa tu."

Akanyamaza. Tukadhani amemaliza.

"Mwezi uliopita tulizika hapa mtaani," akaendelea. "Kila nyumba ilitoa mtu. Nyumba hii ina vyumba tisa, haikutoa mtu. Si kwa ubaya. Haina mtu wa kumtoa. Wageni wanakuja, wanaondoka. Wafanyakazi wanatoka mbali, jioni wanarudi kwao. Nyumba ipo, ina taa na maua, lakini mtaa umepungukiwa nyumba moja."

Wapendwa, tulirudi chumbani tukiwa kimya. Kelele zinaweza kupangiwa saa, na paa linaweza kuzungushiwa ukuta. Lakini nyumba isiyo na mtu wa kwenda msibani haitibiwi na kanuni za halmashauri yoyote.

Tulikumbuka basi kwamba Kanisa letu lenyewe liliingia nchi hii likiwa mgeni katika mji ule ule. Mwezi Desemba 1860 Padri Armand Fava aliwasili Unguja pamoja na mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion, akaruhusiwa na Sultani Majid kukaa. Mji ulikuwa wa Kiislamu, nao hawakuwa na haki yoyote ya kudai. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu walipokea kazi hiyo chini ya Padri Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Mojawapo ya mambo ya kwanza waliyoyafanya Unguja ilikuwa kufungua hospitali. Methali yetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa wageni wale neno apone lilikuwa na maana yake kamili.

Katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, Bwana anawatuma wafuasi wake wawili wawili. Anawaagiza wakae katika nyumba moja, wale wanachopewa, wasihamehame. Wao ni wageni wa mwenye nyumba. Lakini wagonjwa anaowaagiza wawaponye si wa nyumba ile peke yake, bali ni wa mji wote. Katika sura hiyohiyo mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, naye anajibiwa kwa habari za Msamaria aliyempeleka majeruhi katika nyumba ya wageni na kulipa gharama. Mara nyingi tumehubiri juu ya Msamaria huyo, na mara chache tumeifikiria nyumba ile ya wageni. Ilikuwa biashara, na fedha ilipokelewa. Lakini mlango wake ulifunguka kwa mtu aliyeokotwa barabarani akiwa hana kitu.

Kwa hiyo tunauliza: mwenyeji ni nani? Tulidhani ni yule mwenye hati na funguo. Mzee wa baraza ametufundisha kwamba mwenyeji ni mtaa. Mgeni akilala kwetu, anapita njia ya jirani, anasikia adhana ya msikiti wao, anatumia maji ya kisima chao. Ikiwa faida inabaki kwetu na adha inakwenda kwao, basi mwenyeji hakupona.

Tumewaeleza wajumbe mawazo yetu. Nyumba ikifunguliwa, isiuze pombe, na dirisha linalotazama ua wa jirani lizibwe kabla rangi haijapakwa. Maji yawe na tangi lake. Na zaidi ya yote, familia moja iishi humo daima, yenye baba, mama na watoto wanaojulikana mtaani, ili siku ya msiba nyumba ile itoe mtu. Hilo litatupunguzia vyumba viwili vya kukodisha, na mweka hazina ametukumbusha hivyo mara mbili.

Jumapili ijayo, saa nane mchana, tutaketi chini ya mwembe pamoja na majirani wote, Wakristo na Waislamu, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Tunawasihi wanajumuiya mje kusikiliza kuliko kusema. Inawezekana watatuambia hapana. Wakisema hivyo, paa litavuja masika nyingine, nasi tutatafuta njia nyingine ya kuliziba. Majirani wale walikuja kutuuliza kwa adabu, na wanastahili kujibiwa wakiwa wameketi nasi.